Barabara ya 99 ya California: miji iliyopitwa na barabara mpya ilikufa au haikufa?

Mangi_Maili6

Wakuu habari za jioni, hasa nyie mliopo majuu au mliowahi kuishi kule. Naomba kuuliza kitu na msinicheke, maana swali lenyewe limeanzia kwenye grupu la familia na limeleta ugomvi mpaka shangazi kalefti.

Iko hivi. Mi nina fremu mbili pembeni ya lami, kati ya Boma Ng'ombe na Moshi mjini, moja vipuri nyingine bado haijaeleweka, na mbele kuna kijana anaziba pancha. Maisha yangu yote ni magari yanayopita pale. Sasa kila mwaka tunasikia njia nne ya Tengeru kuja Moshi mpaka Himo inakuja, leo wanasema itapanuliwa hapahapa, kesho wanasema itachepushwa ipite huko chini mashambani, ukuta wangu ulipigwa X nyekundu siku nyingi mpaka X yenyewe imefifia na hakuna aliyerudi kusema kitu. Mtu unaogopa hata kuweka bati jipya.

Mtoto wa mamkubwa anaendesha semi huko California, anakaa mji unaitwa Fresno. Akaandika kwenye grupu "mangi punguza presha, huku kuna barabara inaitwa 99, zamani ndo ilikuwa baba lao, wakaja kujenga nyingine mpya pembeni inaitwa I-5, na miji ya 99 haijafa, ndo kwanza imenenepa". Mjomba akamwambia muongo, Marekani barabara ikihama mji unabaki wa mizuka, ameona kwenye video. Shangazi akamtetea mwanae, ndo vurugu zikaanza.

Nani anasema kweli? Na kama miji haikufa, ilipona kwa dawa gani?

chalii_wa_Sakina

Yani shangazi amelefti grupu kwa ajili ya barabara ya California?? 😂😂 Wachaga nyie bana. Naagiza kahawa nakaa hapa nasubiri wajuzi.

kibo_hadi_sierra

Mangi heshima yako. Hilo bonde nimelikalia miaka sita, nimeanzia Modesto nikamalizia hukohuko Fresno, kwahiyo naongea kitu nilichokikanyaga. Binamu yako hajadanganya, ila kakupa nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndo inayokuhusu wewe mwenye fremu.

Kwanza ielewe 99 yenyewe. Inaanzia kusini ya Bakersfield pale milima inapoisha, sehemu inaitwa Wheeler Ridge, inapanda kaskazini katikati ya bonde, Delano, Tulare, Fresno, Madera, Merced, Turlock, Modesto, Stockton, Sacramento, Yuba City, Chico, inaenda kuishia karibu na Red Bluff. Kama maili 425, kilomita 680 na ushee, na yote hiyo iko ndani ya jimbo moja. Zamani ilikuwa ndefu zaidi ya hapo, tangu 1926 ilikuwa na namba ya shirikisho, US 99, inatoka mpaka wa Mexico inapita California, Oregon, Washington hadi mpaka wa Canada. Miaka ya 60 mfumo wa I-5 ulipoingia ile namba ya shirikisho ikaanza kufutwa, na kipande cha bondeni kikabaki kama barabara ya jimbo, imeshushwa cheo kama mkuu wa shule anayerudishwa darasani kufundisha.

I-5 ya upande wa magharibi ilikamilika 1972. Wale jamaa hawakutaka kupita mijini, waliipitisha pembeni kabisa ya bonde, chini ya vilima vikavu, nyingi imenyooka kama rula. Kutoka Fresno mpaka uikute I-5 ni mwendo unaokaribia Moshi–Arusha, hebu fikiria. Yani siyo mchepuko wa kuzunguka mji, ni barabara imekimbia mkoa mzima. Anayetoka Los Angeles kwenda San Francisco na haraka zake haoni Fresno kabisa, anaona vilima, mfereji wa maji, na pale Coalinga anasikia harufu ya ng'ombe hadi anafunga vioo.

Kwa hesabu ya mjomba basi Fresno ilitakiwa iwe pori. Leo ina watu zaidi ya 500,000 na Bakersfield zaidi ya 400,000, na hakuna I-5 inayoingia katikati ya mji wowote kati ya hiyo miwili.

Dawa ni mashamba mangi. Lozi, zabibu, pistashio, nyanya, machungwa, maziwa, pamba. Lozi peke yake, karibu asilimia 80 za dunia nzima zinatoka California na nyingi ni za bonde hilo. Selma wanajiita mji mkuu wa zabibu kavu duniani. Ukipita Agosti unakuta semi za nyanya zina trela mbili wazi juu, na kila kona ya kuingilia barabarani kuna nyanya zimemwagika pembeni zimepikwa na jua, ungekuwa na kikaango na kitunguu unamaliza hapohapo. Hayo malori hayawezi kuhamia I-5 kwasababu shamba, kiwanda cha kukausha, gereji, benki, shule ya watoto wa wafanyakazi, vyote viko kwenye 99. Barabara mpya iliondoka na wapita njia, wenyeji iliwaacha palepale.

Nusu ya pili nakuja nayo baadae, naingia shifti.

mamaJunior_Usa

Mi Marekani sijafika na sina mpango ila hili la barabara naliongea kwa uchungu. Nilikuwa napika mjini upande wa barabara kubwa, wali maharage, ugali nyama, chai ya alfajiri, wateja wangu wengi madereva wa semi. Bypass ilipofunguliwa, ile kilomita 42 ya kutoka Ngaramtoni kutokea huku Usa River, mwezi wa kwanza sikuona tofauti, wa pili nikaanza kubaki na ugali, wa tatu nikabeba sufuria nikahamia huku.

Nilichojifunza ni hivi kaka mangi, dereva wa semi hafuati chakula kitamu, anafuata pa kupaki. Ukipika kama malaika na mbele yako hakuna pa kuegesha gari ya tani 30 atakupigia honi akupungie mkono aende. Kwahiyo kabla hujauliza barabara itapita wapi uliza itasimamia wapi.

Ila majirani zangu wa kule mjini hawakufunga wote. Aliyekuwa anauza mbegu na dawa za mifugo yupo mpaka kesho. Wateja wake wanatoka vijijini kwao na kurudi, hawajahama.

chalii_wa_Sakina

Mama umemaliza, tufunge uzi 😅

Mwl_Mstaafu_Shanty

Usifungwe kijana, bado. Nimefundisha jiografia miaka mingi na bonde la California tulikuwa tunalifundisha kwenye kilimo cha umwagiliaji, sasa mmenikumbusha kazi.

Kwanza ile miji haikuanzishwa na barabara, ilianzishwa na reli. Modesto 1870, Merced na Fresno 1872, zote ni kampuni ya reli ya Central Pacific ilikuwa inashuka bondeni inapanda stesheni kama mtu anayepanda migomba, mji ukaota kila penye stesheni. Barabara ya magari ilipokuja ikafuata reli kwasababu watu na maghala walishakuwepo. Sisi huku hatuko mbali na hilo, reli ya Tanga ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929, na nyie mnaokaa Moshi mjini angalieni maduka ya zamani yameelekea wapi, mtaona yanaitazama stesheni.

Pili, mjomba wa mleta mada asidharauliwe, mizuka ipo. Kabla ya kushuka bondeni ile 99 ya zamani ilitoka Los Angeles kwa kupita juu ya migongo ya milima, barabara inaitwa Ridge Route, ilifunguliwa 1915. Kona zake zinatajwa kuwa 697. Magari ya wakati ule yalikuwa yanachemka, breki zinaungua, watu wanatapika, kwahiyo njiani kukaota hoteli, gereji, vituo vya mafuta, sehemu kama Sandberg na Tumble Inn, biashara nzurii. Mwaka 1933 ikafunguliwa njia mbadala iliyonyooka zaidi, na ile ya juu ikapoteza wateja. Leo ukienda Tumble Inn unakuta ngazi za mawe na ukuta wa kuzuia udongo, hoteli haipo. Hapo juu hapakuwa na shamba wala mgodi, walikuwa wanauza maji ya rejeta na kitanda kwa watu waliochoka. Gari lilipoacha kuchemka biashara ikaisha.

Tatu, na hili wengi hawalijui. Magharibi ya 99, karibu na Earlimart, kuna mji uitwao Allensworth. Ulianzishwa 1908 na Kanali Allen Allensworth, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Kentucky 1842, akapanda jeshini mpaka cheo cha luteni kanali, wa kwanza wa rangi yake kufika hapo. Walitaka mji wa watu weusi wanaojitawala wenyewe, wakajenga shule, maktaba, kanisa, hoteli, na wao walikuwa na mashamba. Ila kampuni iliyowauzia ardhi haikuwapa maji ya kutosha kama ilivyoahidi, kisha 1914 reli ikahamisha kituo chake kupeleka Alpaugh, na mwaka huohuo Kanali mwenyewe akagongwa na pikipiki akafariki. Mji ukasinyaa. Sasa ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo, nyumba zimekarabatiwa unatembelea.

Kwahiyo kijana wa Modesto hapo juu anaposema mashamba aongeze na maji. Shamba bila maji pale ni vumbi tu.

Mangi_Maili6

Mwalimu shikamoo, hii ya Allensworth imenigusa aisee, watu wamejenga mpaka maktaba halafu mtu mwingine anaamua treni isisimame. Nimeituma kwenye grupu.

Mamajunior hiyo ya kupaki sikuwahi kuiwaza. Kijana wangu wa pancha ana wateja kwasababu tu mbele kuna kiwanja kipana, siyo kwamba ana mkono mzuri, mkono wake nauogopa hata mimi.

Kibo nasubiri hiyo nusu ya pili maana umesema inanihusu.

Mwl_Mstaafu_Shanty

Marahaba.

utingo_mstaafu

Huyo binamu wa mangi ajihadhari na ukungu. Nina rafiki alipita hiyo 99 anasema mwezi wa 12 na wa kwanza kuna ukungu unakaa chini bondeni unaitwa ukungu wa tule, huoni hata taa za gari la mbele. Sisi tumezoea wa kule juu Ngorongoro geti la Loduare, lakini ule unaupita nusu saa umetoka. Ule wa kwao unalala kwenye barabara ya semi.

kibo_hadi_sierra

Utingo uko sahihi kabisa, Novemba 2007 karibu na Fresno magari zaidi ya 100 yaliparamiana kwenye ukungu huo, semi zikiwemo, watu wawili walikufa. Shule huwa zinachelewesha mabasi siku za hivyo. Mi nilikuwa nafungua dirisha nasikiliza.

Haya mangi, nusu ya pili. Miji ilipona lakini MTAA wa barabara haukupona. 99 ilikuwa inapita katikati ya miji, kwenye taa, mbele ya maduka. Baadae hata kabla ya I-5 walianza kuinyanyua 99 yenyewe, kuitoa kwenye mitaa na kuipa njia yake isiyo na taa wala makutano, mji baada ya mji. Taa ya mwisho ilikuwa Livingston na ilidumu mpaka miaka ya 90. Sasa ile mitaa ya zamani iliyoachwa nenda kaione. Bakersfield kuna Union Avenue, ndo ilikuwa 99, moteli zimepangana na mabango ya neoni, watu wa Los Angeles walikuwa wanakuja kulala pale. Barabara ilipohamia magharibi ya mji zile moteli zikashuka bei, zikashuka tena, mwisho ukizitaja mtu anakuangalia vibaya, anadhani unaenda kutafuta mengine. Fresno nao walikuwa na mtaa unaitwa Motel Drive, stori ileile.

Na barabara ilipoinuliwa pale Fresno ikapita kama kisu, upande wa magharibi walikokuwa wanaishi weusi, Wamexico, Wachina, ukakatwa na mji. Hiyo huwa haiandikwi kwenye mabango ya kukaribisha wageni.

Kwahiyo ukiniuliza Boma Ng'ombe itakufa ukichepushwa nitakwambia hapana, pale kuna soko, kuna ofisi za wilaya, kuna wakulima wa Hai nzima. Ukiniuliza fremu yako ya vipuri itakufa, inategemea unauza vipuri vya nini. Kama ni vya magari yanayopita, mangi mimi ningeanza kuweka pampu za maji, belti za mashine za kukoboa, spea za power tila, kwasababu wa mpunga Lower Moshi na wa nyanya hahami hata wakijenga lami saba.

chalii_wa_Sakina

Sawa ila nauliza hivi, sisi Arusha tuna mnara wa saa, katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Hiyo 99 yao ina nini?

kibo_hadi_sierra

😂 Inayo tena kama hiyohiyo. Kusini kidogo ya Madera, katikati ya njia za kwenda na kurudi, kuna mtende mmoja na msonobari mmoja wamesimama pamoja kama bibi na bwana harusi. Mtende ni California ya kusini, msonobari ni ya kaskazini, wanasema hapo ndo katikati ya jimbo. Mtoto akiwa nyuma ya gari anaambiwa angalia angalia, ukipepesa macho umeikosa. Mmoja wao uliangushwa na dhoruba 2005, ule wa upande wa kaskazini, wakapanda mwingine.

Mwl_Mstaafu_Shanty

Naomba kusahihisha, huo siyo msonobari. Ni mwerezi, aina ya Himalaya, wa ukoo wa ile mierezi ya Lebanoni mnayoisoma kwenye Zaburi. Na katikati ya jimbo kwa vipimo inatajwa kuwa North Fork, kule milimani, siyo barabarani.

chalii_wa_Sakina

Kwahiyo msonobari siyo msonobari na katikati siyo katikati. Mwalimu tafadhali mnara wetu wa saa usiupime, watu wanakula pale kwa kupiga picha wageni.

Mwl_Mstaafu_Shanty

Siupimi. Ila ramani ninayo.

kibo_hadi_sierra

Hahaha mwalimu. Na kuna mpango wa kuipanua 99 pale iwe njia sita, ile miti miwili imo kwenye hesabu ya kung'olewa, wanasema watapanda mingine. Watu wa Madera walipiga kelele kweli, miti miwili tu, kuna jamaa kazini alikuwa hajawahi kulalamika kuhusu mshahara lakini kwa ile miti alilalamika wiki nzima.

Halafu nimesahau kitu. Mwalimu ametaja maji, mi nataja mikono. Delano iko kwenye 99. 1965 wavuna zabibu Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma pale, Wamexico wa Cesar Chavez wakaungana nao, na Machi 1966 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Delano mpaka Sacramento makao makuu ya jimbo, zaidi ya maili 300, wakafika siku ya Pasaka tarehe 10 Aprili. Walipita mji kwa mji wa bonde hilo, kila wanapolala kuna vibarua wenzao wanawapa chakula. Na njiani kampuni moja kubwa ya pombe ikakubali kukaa nao mezani. Niliwahi kufanya kazi na mzee mmoja ambaye mama yake alitembea, vidole vya miguu anavielezea kama vile ni vyake.

Yuba City kule juu nako kuna Masingasinga wengi mno, wakulima wa pichi, kila Novemba wanafanya maandamano yao ya dini mji unajaa vilemba vya rangi zote na chakula ni bure. Nilijisikia niko karibu na hekalu la Arusha mjini.

utingo_mstaafu

Chakula bure na maegesho yapo? Mamajunior umeona.

mamaJunior_Usa

Nimeona 😂 Kaka mangi hiyo fremu ya pili ambayo haijaeleweka kodi shingapi kwa mwezi? Na hicho kiwanja cha mbele semi mbili zinakaa bila kuziba njia?

Mangi_Maili6

Mama zinakaa tatu, ya tatu ikae upande wa mwembe. Njoo inbox tuongee, ila hiyo yenye X ndo hiyohiyo, nisikufiche.

mamaJunior_Usa

X naijua, hata huku nilipo ninayo. Tutaandika mkataba wa miezi sita sita.

Mangi_Maili6

Sawa dada. Wakuu nawashukuru sana. Binamu nimemwagiza apige picha ya ule mtende na mwerezi kabla hawajang'oa, kasema anapita pale kila Jumanne ila upande wake hakuna pa kusimama.

Uzi wote nimemtumia shangazi. Tiki mbili za bluu zimetokea, hajajibu, lakini nasikia kamuomba admin amrudishe kwenye grupu.